Daktari wa Bastola

Mjeledi wa Garrett Purdon ulimpasua Toby Levinge mdomo wa juu mpaka puani, mezani, mbele ya wageni kumi na wawili, bata wa kuoka hata hajakatwa. Toby hakulia. Alitema jino kwenye sahani, akapanda juu ya meza, akamrukia shemeji yake kooni. Viti vikavunjika, mishumaa ikaruka. Walipotenganishwa, Garrett alikuwa na kipande cha sikio kinachoning'inia, na Toby anacheka, meno yote mekundu.

"Kesho asubuhi, shemeji," alisema Toby. "Kwa bastola. Uje na sanda."

"Nitakuja na mbili," Garrett akamjibu. "Wewe mnene, moja haikutoshi."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi. Mzee Purdon alikufa ghafla wiki tatu kabla, mara tu baada ya kula, akaacha malisho mazuri kuliko yote kando ya mto Nore: nusu kwa mwanawe Garrett, nusu kwa bintiye Honora, mke wa Toby. Garrett alikuwa mbunge, mtu ambaye akisimama kusema kule Dublin hata wauza samaki nje wananyamaza. Toby alijulikana kwa farasi na kwa kutojua woga. Na wote wawili, wakilenga, hawakosi. Kwa hiyo mtu angekufa tu, na Honora, mimba ikiwa ya miezi saba, angebaki bila kaka au bila mume.

Alfajiri likatumwa gari la farasi mpaka Kilkenny kumchukua Daktari Barnaby Quinlan. Daktari wa karibu alikuwepo, lakini wote wawili walimtaka huyo huyo wa Kilkenny, na nani angewalaumu? Quinlan ndiye aliyeandika kitabu cha majeraha ambacho hata madaktari wa London walikisoma, kwa shingo upande, maana mwandishi alikuwa Mwairishi. Aliwahi kutoa risasi kwenye taya, kwenye nyonga, na mara moja kwenye ulimi. Wengine aliwaokoa. Wengine walimfia mapajani wakiita mama zao, na mmoja wao alikuwa Dermot, mwanawe wa pekee. Tangu siku ile hakukubali risasi ilie kabla hajajaribu kupatanisha.

Watu wa huko walikuwa na kitendawili chao: Ameitwa vitani, macho anayo, lakini haoni. Umeshindwa? Nipe mji basi, nikuambie: ni daktari wa bastola. Sheria ilisema anayeua kwa bastola anyongwe, hata awe bwana mkubwa namna gani. Basi kabla wagomvi hawajafyatua, daktari hugeuka, akaupa uwanja mgongo, ili akiulizwa mahakamani aape kwa Biblia, bila dhambi, kwamba hakumwona mtu akimpiga mtu. Waungwana wengi walizikwa kwa mtindo huo, na kitanzi kikabaki kikavu.

Walikutana kwenye malisho nyuma ya kanisa bovu, umande ukiwafika magotini. Msimamizi alikuwa Kapteni Hackett, rafiki wa wote wawili, naye tayari alikuwa anashindilia baruti. Daktari alimkalisha Toby juu ya jiwe la kaburi, akamshona mdomo nyuzi saba.

"Nashona kitu ambacho dakika kumi zijazo kitakuwa maiti," alinung'unika. "Kazi gani hii?"

"Shona tu, mzee wangu. Nataka nife mzuri."

"Uzuri hukuwa nao hata jana," Garrett alisema huku sikio lake likichuruzika damu shingoni.

Daktari alikata uzi kwa meno, akasimama katikati yao.

"Sikilizeni, wanangu. Honora nilimpokea mimi siku aliyozaliwa. Mnataka mtoto wake nimpokee matangani?"

"Mwambie huyo mwenye mjeledi," alisema Toby.

"Mwambie huyo mwenye meno ya mbwa," alisema Garrett.

"Basi ngojeni mpaka Jumatatu! Jaji aliagiza mzee wenu afukuliwe, nami nikampasua. Nilichokiona tumboni mwake sijamwambia mtu, wala sijaandika popote. Jumatatu nitakisema mahakamani kwa mdomo wangu. Na nikishakisema, pengine hiyo ardhi hamtaigombania tena."

"Jumatatu mbali, daktari," alisema Garrett. "Mpaka hapo huyu atakuwa amenenepa zaidi."

"Hata mimi siwezi kungoja," alisema Toby.

Daktari aliwashika mikono wote wawili, akajaribu kuileta pamoja. Waliichomoa kama waliounguzwa. Akamtazama Kapteni Hackett, labda yeye atasema neno, lakini Kapteni alimpa kila mtu bastola yake na kuonyesha ua wa miiba mwisho wa malisho.

"Simama pale, daktari. Unaijua desturi."

Aliijua. Alienda akasimama mbele ya ua, akavua kofia, akawapa mgongo. Nyuma yake alisikia nyasi zikilala chini ya viatu, akafumba macho, akaomba kama alivyoomba siku ya Dermot: Mungu, kama ni lazima, basi nipe jeraha ninaloweza kulishona.

"Moja," alisema Kapteni.

"Mbili."

Bastola mbili zililia kwa pamoja. Risasi zote mbili zilimwingia Daktari Quinlan kati ya mabega, na kabla hajamaliza kuanguka, mashemeji walikuwa wamekwisha kupeana mikono.