Nafasi ya Chiriku

Fundi alipomaliza kuandika barua aliisoma kwa sauti ya chini, kisha akarudi kufuta mkato mmoja. Mdogo wake hakuwa mtu wa mikato. Aliandika kama anavyozungumza, moja kwa moja mpaka pumzi imwishie.

"Nashukuru sana kwa kunichagua lakini kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja nafasi yangu mpeni mwingine."

Chini akaweka jina la mdogo wake. Ilikuwa saa saba mchana, karakana imejaa kodiani zilizofumuliwa na vinanda visivyo na miguu. Akaituma. Halafu akaifuta barua ya chuo, akafuta na jibu lake, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Kompyuta ilikuwa ya karakana, lakini aliyeifaidi ni huyo mdogo wake, Chiriku. Walimwita hivyo tangu utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza. Asipoongea anaimba, asipoimba anapiga mluzi. Sasa alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya msingi, na mwaka ule aliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya utunzi wa muziki, chuo cha mbali, safari ya ndege mbili. Kwa miezi mitano alitoka shuleni akaja moja kwa moja karakanani, anaandika noti, anafuta, anaandika tena. Chuo kilitaka tungo tatu. Ile ya tatu ilihitaji kodiani, na siku ya kurekodi Fundi ndiye aliyeipiga. Alikosea mara kumi na moja, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Halafu Mama akaanguka bafuni. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Aliporudi kutoka hospitali alibaki na neno moja tu lililotoka sawasawa: "Huyu." Huyu alikuwa Chiriku. Fundi akileta beseni na taulo, Mama alivuta shuka hadi kidevuni, machozi yakimtiririka. Hakutaka kuogeshwa na mwanawe wa kiume. Sasa huyu akipanda ndege, Mama ataogeshwa na nani?

Swali hilo lilikuwa limemkaa Fundi kooni siku alipofungua barua pepe za mdogo wake. Alikuwa akitafuta mchoro wa kinanda aliokuwa ametumiwa kupitia kwake, na Chiriku hakuwa na desturi ya kufunga kitu. Barua ya chuo ilikuwa ya nne kutoka juu. Zilizoizunguka zilikuwa na herufi nzito, zikisubiri kufunguliwa. Hii herufi zake zilikuwa nyembamba, ungeweza kuipita.

"Tunafurahi," ilianza.

Wiki mbili baadaye, walipokuwa wakimgeuza Mama kitandani, Fundi aliuliza huku macho yake yako kwenye shuka.

"Wale watu wa chuo wamesemaje?"

"Kimya."

"Huwaulizi?"

"Wakinitaka watasema. Shika bega lake, Kaka, usimvute mkono."

Hakulia. Fundi angepata nafuu kama angelia.

Kwa miaka mitatu alijitahidi kulipia kosa lake kwa njia alizozijua. Alipika, alifua, aliamka wa kwanza. Alimfufulia Chiriku kinanda kibovu, akakisukuma hadi chumbani kwake. Chiriku akamshukuru, akakifunika kwa kitambaa, akaendelea kuwafundisha watoto nyimbo zilizotungwa na wengine. Nyumbani hakupiga tena mluzi.

Mchumba wa Fundi, mshonaji wa mtaa wa pili, alingoja mwaka wa kwanza, akangoja na wa pili.

"Mdogo wako ni mtu mzima," alimwambia. "Nihamie kwenu tumuuguze Mama pamoja. Au unanificha kitu?"

"Bado kidogo," alisema Fundi. Angeoaje, akaanza kufurahi mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemnyang'anya furaha?

Pete ilirudi ndani ya bahasha ya kaki. Miezi minne baadaye mshonaji aliolewa na dereva wa lori. Siku ile ya bahasha, Chiriku aliikuta mezani, akaitazama, akatoka uani. Alikaa huko muda mrefu.

"Kaka," alisema aliporudi. Akasimama mlangoni, mdomo wazi. Kisha akasema, "Chai yako imepoa," akaibeba kwenda kuipasha.

Mama alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Chiriku. Siku ya kumi na mbili, wageni wakiwa wameshaondoka, Fundi alimkuta mdogo wake chumbani akikunja shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda kilichobaki kitupu.

"Nina jambo la kukuambia. Ukitaka kunifukuza baada ya hapo, nifukuze."

Akamwambia yote: barua, mkato alioufuta, jina aliloliweka chini.

"Walikuchagua, Chiriku. Mimi ndiye niliyewaambia huji. Kila nikikuona na lile beseni nilitamani ardhi ipasuke. Omba tena, mdogo wangu. Tungo unazo. Mimi nitakupigia kodiani hata mara mia."

Chiriku aliendelea kukunja, akilinganisha pembe na pembe.

"Yule mchumba wako," alisema, "ulimwacha aende kwa sababu ya hili?"

"Yangu yaache."

"Nijibu, Kaka."

"Ndiyo."

Shuka ilimponyoka. Akajaribu kuiokota, akashindwa, akakaa sakafuni palepale.

"Nilikuwa nimeshawakataa siku moja kabla yako," alisema. "Niliogopa kwenda. Wiki ileile waliniandikia, wakaniuliza kwa nini nimekataa mara mbili."