Ukurasa Usiojibika

Nitegulieni, wajukuu: mlango gani hukuuliza swali, kisha hukufungia usijibu?

Ni ukurasa wa kuripoti hitilafu za programu. Mume wangu, Werkineh, alipoteza sauti. Akawa anaandika kwenye simu, nayo programu inamsemea kwa binti yetu aliye mbali. Siku moja ikanyamaza.

"Baba, umeninunia?" binti akauliza.

Nikaripoti, mwaka nikaweka wa kwetu Ethiopia, ulio nyuma ya wa kwingine: 2016. Wenye programu, wakihesabu kwa kalenda yao, wakaandika:

"Hitilafu ina miaka minane, ripoti tumeifunga. Bado inawasumbua?" Pa kujibu hapakuwepo.

Werkineh aliniandikia kiganjani kwa kidole: "Bibi wee, wametuzeesha!"

Juzi ukurasa ulifunguka, swali likiwa palepale. Nikajibu: "Haisumbui tena. Mwenye kusema tumemzika."