Bangili ya Mwalimu Sikudhani

Siku hizo kila mwalimu wa shule ya msingi alivaa bangili. Akimtazama mtoto na moyo ukamkubali, bangili iliwaka kijani. Moyo ukimkataa, iliwaka njano, na mkaguzi akajua.

Ya Mwalimu Sikudhani iliwaka njano kila alipomtazama Mshamu, mwanafunzi wake asiyeona. Ya Mwalimu Kibwana, wa darasa la pili, ilikuwa kijani asubuhi hadi jioni, kwa kila mtoto. Binadamu gani huyo asiyechoka? Sikudhani hakuamini hata chembe. Akamganda mpaka Kibwana akasema siri yake.

"Mwenzangu, macho kwa mwanafunzi, moyo kwa mwanao. Wewe mfikirie wako tu. Walimu wote ndivyo tufanyavyo."

Kesho yake Sikudhani alimtazama Mshamu huku akimfikiria bintiye, Tunu. Kijani! Wiki nzima kijani, hata mkaguzi akampa mkono wa pongezi.

Jumamosi alikaa barazani akimsuka Tunu, magongo ya kutembelea ya mtoto yameegemezwa ukutani.

"Mama, mwalimu wangu ananipenda kweli. Akinitazama, bangili yake inawaka kijani."

Chanuo likasita kichwani.

"Huyo mwalimu wako," Sikudhani aliuliza taratibu, akijitia kutafuta mstari wa nywele, "ana watoto?"

"Anaye mmoja. Picha yake iko mezani kwake darasani." Tunu akacheka. "Kila akitaka kuniita mimi ubaoni, huitazama kwanza."