Mlio wa Nne

Miaka yote ya vita, Elkana ndiye aliyepanda mnara wa kanisa na kupuliza tarumbeta. Milio mitatu tu, na mji mzima ulikimbilia msituni. Wa nne hakuwahi kuupuliza, maana naye alikuwa na roho yake ya kuiponya.

Sasa ilikuwa Jumapili ya kwanza tangu amani itangazwe, na Tabea, mpiga kinanda, alimkazania wapige wimbo pamoja ibadani.

"Kaka Elkana, mimi nipo nyuma yako. Wewe usinyamaze tu."

Akapuliza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akina mama wakanyakua watoto, benchi likapinduka, na Bi Nyamizi, mwenye magoti mabovu kuliko wote, akawa wa kwanza kufika mlangoni, kitita chake kichwani. Kila mtu bado alisali na kitita miguuni na kamba za viatu zimekazwa, tayari kukimbia. Elkana akahisi miguu yake mwenyewe ikitaka kuwafuata. Nyuma yake kinanda hakikuyumba. Kiliivuta sauti ile ile, kikimngoja.

Akapuliza wa nne.

Wa tano ukaja wenyewe, na wimbo ukajaa hadi darini. Watu wakasimama pale walipokuwa, wakatazamana.

"Jamani!" mtu akaangua kicheko. "Kumbe wimbo ulikuwa unaendelea!"

Bi Nyamizi akarudi kwenye benchi lake, akatua kitita, akainama, na taratibu akaanza kufungua kamba za viatu.