Nyonga ya Kulia

Karani wa bima aliitazama kompyuta, kisha akamtazama Bi Hidaya aliyeegemea mkongojo.

"Mama, hatuwezi kulipia. Nyonga yako ya kulia ilishabadilishwa mwaka juzi."

Mwaka juzi Bi Hidaya alimwazima mdogo wake, Saumu, kadi yake ya bima. Walifanana, na Saumu hakuwa na bima.

"Ulipasuliwa au hukupasuliwa?"

Akikana, Saumu atafungwa.

"Nilipasuliwa, mwanangu. Uzee huu, nilisahau."

Nje, Saumu aliruka kutoka kwenye benchi. "Wamekubali, dada?"

Bi Hidaya alitaka kujibu, mkongojo ukamponyoka. Saumu akainama, akauokota, akasimama wima bila kushika kitu. Bi Hidaya hakunyoosha mkono kuupokea.