Mchanga wa Grado

Kila nyumba hapa Bologna hupewa siku moja tu ya bahari maishani, na ukishachagua ufukwe hubadilishi. Bahari inapanda; ufukwe wenu ukizama kabla ya zamu yenu, siku yenu imekwenda nao.

Mimi nilitaka kokoto za Kroatia, kule kwenye miamba mirefu. Mama akakataa katakata. Yeye ni mtu wa Pangani.

"Pwani gani hiyo ya mawe?" alisema. "Mtoto akikanyaga atadhani yuko barabarani. Bahari ni mchanga."

"Mama, penye mchanga ndipo chini. Ndipo maji yanapoanza kumeza."

"Wewe leo unifundishe mimi bahari?"

Mama hashindwi. Tukachagua Grado, mchanga mtupu upande huu wa bahari ya Adriatiki, zamu yetu kiangazi kijacho.

Tangu hapo, kila asubuhi Mama humlaza mwanangu Raziki kifudifudi juu ya mkeka sebuleni, amfundishe kuogelea. Mtoto hupiga miguu mpaka jasho linamtoka, huku redio ikitaja fukwe zilizozama usiku.

Leo ikataja Grado.

Nilimtazama Mama. Hakunitazama. Aliinuka, akaizima redio, akarudi kupiga magoti kando ya mkeka.

"Bibi, nishafika?" Raziki aliuliza, uso chini, pumzi zikimwisha.

Mama alimpitishia mkono chini ya tumbo, kama anayemkinga asizame.

"Bado, mjukuu wangu," alisema. "Piga miguu. Usisimame."