Kitambaa cha Nyuma ya Jina

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kaburi la dada yangu Rukaya lilibaki Busawe. Baba akalikata jina lake kwenye ubao kwa msumeno mwembamba, tulitundike ukutani.

Nyuma ya matundu ya herufi kulihitajika kitambaa. Nilijaribu gunia, nikajaribu kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi. Vyote vilifanana rangi na ubao, jina halikusomeka. Duka la ushirika halikuwa na nguo tangu masika.

“Inatakiwa nyeusi,” Baba alisema, akiangalia chini.

Mama alikuwa bado amevaa kaniki ya msiba, mwaka wa pili sasa. Shangazi walichoka kumsihi aivue.

“Unaitaka hii, mzee?” alimwuliza.

“Sijasema kitu, mama Rukaya.”

Aliifungua kiunoni polepole. Magotini ilikuwa imechujuka.

“Lete mkasi, mwanangu. Kata huku juu, bado ni nyeusi.”